Maisha ya Hulda Hadulu na Wastani wa Mashamba Sita

Ndugu waombolezaji, mchungaji, wazee wa kijiji, wageni mliotoka Garsen, Hola na Kipini, na nyinyi wa shirika la msaada mliopewa viti vya plastiki hapo mbele, haya ni maisha ya Hulda Hadulu Komora, nimeyaandika mimi nyanya yake, Asenath, na anayewasomea ni Elvis, mdogo wake marehemu, ambaye nimemwambia asome yote kama yalivyo, hata pale atakapoona haya.

Marehemu alizaliwa Ijumaa tarehe 4 Mei 1990 katika hospitali ya Ngao, akiwa mtoto wa kwanza wa mwanangu Komora, na mama yao alipofariki mwaka 1996 siku chache baada ya kumzaa huyu Elvis, baba yao akaenda Bura kulima kwa maji ya mfereji, akaoa huko, na yuko hapa leo amekaa, simsemi. Watoto wakabaki kwangu hapa Dumbi, na watu wamezoea kunisifu kwamba nina moyo wa huruma, lakini ukweli ni kwamba hakukuwa na mtu mwingine wa kuwalea, na mtoto hawekwi juu ya uchaga kama mahindi akangoja.

Alianza shule ya msingi hapa hapa Dumbi Januari 1997, akamaliza mwaka 2004, kila mwaka akiongoza kwa hesabu na kila mwaka akiunguza wali, kisha akaingia sekondari ya bweni kule Hola kuanzia 2005 hadi 2008, akakaa nyumbani mwaka mzima wa 2009 akilima nami, na Mei 2010 akaenda Mombasa kusomea takwimu, akapata diploma Novemba 2012. Alirudi na miwani, na tabia ya kumuuliza kila mtu anayefungua mdomo, umewaona wangapi? Ukisema vijana wa siku hizi ni wavivu, yeye, umewaona wangapi, Nyanya? Siku moja nilichoka nikamjibu, nimemwona mmoja, amekaa mbele yangu na vyombo havijaoshwa. Akacheka, akaosha vyombo, lakini kuuliza hakuacha.

Tarehe 4 Februari 2013 aliajiriwa Garsen, katika ofisi moja iliyokuwa ikiandika bei za mifugo mnadani, na huko ndiko alikopata jina la kuwa mgumu, maana aliwakuta wenzake wakifika asubuhi, wanauliza wauzaji wanne wa kwanza langoni, wanatoa wastani, wanakwenda kunywa chai. Hulda akakataa, akasema wanaofika asubuhi ni wa karibu, ng'ombe wao wamelala na kunywa maji, wanene, na yule Muorma aliyeswaga ng'ombe wake siku tatu kutoka malishoni anafika saa saba mchana na mbavu zinahesabika, huyo bei yake haimo katika wastani wenu, na walio kama yeye ni wengi kuliko hao wanne. Walimwambia, Hulda, sasa tukae juani mpaka jioni kwa ajili ya mbavu za ng'ombe? Naye akakaa, akawa anamuuliza muuzaji mmoja kila baada ya wachache wanaopita, wa ng'ombe wanono kwa wa waliokonda, na Roba, dalali wa siku nyingi pale mnadani, ambaye leo ameleta mbuzi wawili wa matanga, atawaambia kama nasema uongo.

Alifunga ndoa na James Kofa, fundi wa pikipiki wa Garsen, siku ya Jumamosi tarehe 14 Desemba 2013 katika kanisa letu la hapa kijijini, ndoa ambayo mimi sikuitaka kwa sababu kijana alikuja kuposa na grisi mikononi, na nasema mbele ya watu wote kwamba katika hilo wajukuu huwa wanaona zaidi yetu, maana mkono huo wa grisi ndio uliomwogesha mke wake miezi yote aliyougua. Mungu aliwajalia watoto wawili, Linda aliyezaliwa tarehe 9 Oktoba 2014, na Zadock aliyezaliwa tarehe 21 Juni 2018, wote wapo, wamekaa na shangazi zao.

Sasa nafika mahali ambapo Elvis aliniomba nipunguze, na sikupunguza.

Mwaka jana mto haukupanda, na asiyejua mashamba yetu nitamweleza kwa kifupi, mashamba ya Dumbi ni mia moja na arobaini, yale ya ukingoni hupata unyevu hata mto ukiwa chini, na yale ya nyuma, kule bondeni, yasipofikiwa na mafuriko ni udongo uliopasuka tu. Shirika likaahidi unga na mbegu kwa kijiji chochote ambacho wastani wa mpunga wake utakuwa chini ya magunia manane kwa ekari, na Jumanne tarehe 12 Agosti 2025 wakaja kupima, wakiongozwa na Bwana Abdulsalam, wakiwa na fremu ya mbao, wanaitupa shambani, wanakata mpunga ulio ndani, wanaupura, wanautia mizani. Hulda siku hiyo alikuwa Mombasa kwa matibabu. Walisema wana siku moja na mashamba sita, na wakamuuliza Mzee Nzai, mwenyekiti wetu wa wakulima, twende wapi?

Na Mzee Nzai akafanya lile tunalolifanya sisi sote tangu kuzaliwa kwetu, mgeni haonyeshwi shamba bovu, haipiti, ni aibu, ni kama kumkaribisha mtu ukampa kiti kilichovunjika. Akavaa kanzu yake safi, akawapeleka ukingoni, shamba kwa shamba, na la mwisho likawa lake mwenyewe kwenye kona ya mto, magunia ishirini na moja, wageni wakasifu, akachinja kuku. Kadii, ambaye mumewe alifariki, na ambaye shamba lake liko kule nyuma kabisa na hakuvuna hata debe moja, ndiye aliyeitwa kumpika huyo kuku, na hakuna aliyemuuliza lolote ila kama chumvi imekolea.

Wakapata wastani wa magunia kumi na mawili, wakaandika kwamba kijiji cha Dumbi kimeshiba, wakaondoka, unga haukuja, mbegu hazikuja, na kufikia Novemba watu walikuwa wanakula mpunga waliouweka kwa kupanda, na vijana wengine wamekwenda Bura kuwa vibarua wa watu. Nauliza, na nyinyi wa viti vya mbele mnisikie, ni akili gani hiyo, ya kuwaangalia watu sita walioshiba ukawaambia mia na thelathini na wanne wengine kwamba nao wameshiba?

Marehemu aliporudi hapa Dumbi na kusikia, hakuwa na nguvu ya kusimama, lakini alipanda pikipiki ya mumewe akaenda Garsen kwa Bwana Abdulsalam, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mara hiyo ya tatu nilikwenda naye nikasikia kwa masikio yangu. Bwana Abdulsalam akasema, dada yangu, tatizo lako ni kwamba sita ni wachache, lakini hatuna uwezo wa kupima wote. Hulda akamwambia, kaka, uchache si dhambi, kazi yangu ni hiyo ya wachache, hata sita wanaweza kusema neno la kweli, lakini lazima useme na shaka yao, hawa sita wako mmoja ana matano na mwingine ishirini na moja, wanatofautiana hivyo, basi usiseme kumi na mawili kama mtu aliyepima kijiji kizima, sema kwamba wastani wa kijiji unaweza kuwa popote kati ya sita na kumi na nane, na kama unaweza kuwa sita, uliwanyima unga kwa uhakika gani? Na hayo, akasema, ni kama mashamba yangechaguliwa bila upendeleo, lakini yamechaguliwa na mwenyeji, na hesabu ya shaka hutibu uchache, haitibu upendeleo, hata mngepima mashamba hamsini ya ukingoni mngerudi na uongo ule ule, mnono zaidi.

Yule bwana akanigeukia mimi, akasema, Mama, mjukuu wako ana maneno makali. Nikamwambia, hayo ni ya mgonjwa, ungemsikia akiwa mzima. Na haki yake nimpe, hakutufukuza, aliandika kwa wakubwa wake, na mwezi Januari mwaka huu wakakubali kwamba msimu huu wapime upya, mashamba thelathini, yatolewe kwa kura kutoka yote mia moja na arobaini, majina yakiwa ndani ya sufuria moja mbele ya watu wote, na shaka yao waiandike pamoja na wastani wao.

Ugonjwa wa marehemu ulianza Januari 2025, uvimbe kwenye ziwa la kushoto, akatibiwa Malindi kisha Mombasa, na daktari mmoja alipomwambia kwamba wenye hali kama yake huishi wastani wa miaka miwili, mnajua alimuuliza nini. Daktari akamjibu bila kukasirika kwamba ni wagonjwa kumi na mmoja aliowatibu mwenyewe. Akarudi nyumbani anacheka, akaniambia, Nyanya, katika hao kumi na mmoja mmoja alikufa wiki ya tatu na mmoja bado anauza samaki Kipini, kwa hiyo kuanzia leo mimi sijui nitakufa lini na daktari hajui, tupike. Ikawa miezi kumi na minne tangu ugonjwa uanze. Aliaga dunia Jumapili tarehe 1 Machi 2026, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwake, mumewe akiwa amemshika.

Sasa sikilizeni. Juzi Alhamisi mchana, wanaume walipokuwa wanapasua kuni za matanga haya haya, nilipita na ndoo nikawasikia wakipanga habari ya Jumanne, maana Jumanne tarehe 10 ndiyo siku ya kura. Mzee Nzai anasema safari hii tumejifunza, majina ya watu wa ukingoni tusiyatie kwenye sufuria, tutie ya kule nyuma peke yake, unga uje. Wenzake wanaitikia, naam, naam, mwenyekiti amefunguka macho. Nikasimama. Nikawauliza kama wanaona tofauti yoyote kati ya kumpeleka mgeni kwenye shamba lililonona na kumpeleka kwenye shamba lililokufa. Mmoja, simtaji kwa sababu mama yake yupo hapa, akanijibu, Nyanya, kwani wewe unamtetea nani, sisi au shirika? Nikamwambia namtetea yule aliyelala ndani, ambaye hamwezi hata kungoja azikwe ndipo mmgeuke, amekwenda Garsen akitapika njiani ili mpimwe kwa haki, na nyinyi mnapasua kuni zake huku mnapanga kumfanya mwongo kaburini.

Kadii ndiye aliyezima maneno. Alikuwa amepiga magoti anapuliza moto, hata hakuinuka, akasema, Mzee Nzai, mimi ndiye wa kule nyuma, mimi ndiye nitakayelala njaa wakituona tumedanganya wakaondoka na gari zao wasirudi, tieni majina yote, na la kwako litangulie. Mzee Nzai akaweka shoka chini. Akaenda kunawa.

Kwa hiyo namuuliza leo kama majina yote yatatiwa, mbele ya jeneza na mbele ya Bwana Abdulsalam, ili jibu lake liwe na mashahidi, na Elvis atanyamaza kidogo hapa mpaka Mzee Nzai asimame. Akisimama ndiyo. Akikaa, tutakuwa tumejua.

Na mimi nisijifiche nyuma ya maiti. Shamba langu liko ukingoni, na msimu huu limezaa kuliko miaka mingi, yeyote anayepita anaona. Likitolewa kwenye sufuria litapandisha wastani wa kijiji, na huenda hilo moja likatutoa kwenye unga. Likitolewa, nitawapeleka mwenyewe mpaka katikati yake, na fremu watupe wanapotaka. Anayetaka kunichukia kwa hilo aanze leo, chakula cha matanga kipo, achukie akiwa ameshiba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Malindi na Mombasa, na hasa yule aliyeulizwa idadi akaitaja, inawashukuru majirani waliochota maji na kukesha nasi, akina mama wa kanisa, Roba na watu wa mnadani, wenzake wa kazini Garsen waliokuwa wakimcheka na wamekuja wote, na waendesha pikipiki waliomleta marehemu kutoka hospitali kila mara bila kumrusha kwenye mashimo. Bwana Abdulsalam, nawe tunakushukuru kwa kuja, Jumanne njoo mapema.

Hulda, mwanangu, pumzika, umechoka kuuliza. Tulale salama nasi tukijua kwamba jina la kila mmoja wetu limo.