Gari Mliyoiombea

Ndugu zangu, nianze na ujinga wenyewe, ndio mkitaka kunitoa hapa mbele mnitoe mapema. Ile gari ya baba mliyokuja kwetu kuiombea haikuwa na pepo. Ni mimi niliitoa gia, nikaiweka fri. Kwa mkono huu, nikicheka.

Mchungaji, usiniangalie hivyo, ni wewe ulisema tutoe ushuhuda.

Mnajua baba aliitafuta hiyo gari miaka mingi. Babu alikuwa dereva wa shamba, na gari ya aina hiyo ndiyo ilimpeleka baba shule siku ya kwanza. Hapa kwetu zilizobaki zinafugiwa kuku ndani. Akaipata Jinja, kwa mjane mmoja. Tulienda sisi wawili, shule zikiwa zimefungwa. Yule mama aliipangusa boneti na pindo la gauni lake la gomesi, polepole, akamwambia baba, "Mzee wangu hakuwahi kuikimbiza. Muende nayo pole." Mimi huku nyuma namwigiza anavyotembea. Ndivyo nilivyokuwa.

Tukavuka mpaka wa Malaba, tukalala Eldoret, asubuhi tukashika njia ya Nakuru. Baba anaimba. Gia ya hiyo gari iko juu, imetokea kwa usukani, upande wangu kabisa. Na nyinyi wenye magari mnajua ule mchezo wa huku: ukifika mteremko unatoa gia, gari inateremka fri, eti unaokoa mafuta. Baba anauchukia vibaya sana. Kwa hivyo pale Sachang'wan, barabara ikianza kuinama kuelekea Salgaa, nikaigonga ile gia ikatoka. Nikamwambia, "Buda, nimekusaidia na mafuta."

Injini ikazima. Alijaribu kurudisha gia, ikakataa. Breki ikashika kidogo, halafu pedali ikaenda chini bila kugusa kitu. Ndugu zangu, nawaambia, kilichonitisha si kelele. Ni kimya. Upepo tu dirishani, gari inazidi kukimbia, na baba hasemi neno.

Mbele yetu kulikuwa na trela imesimama, na kando ya barabara mama mmoja anachoma mahindi. Baba akapindua usukani kukwepa trela. Mama akaruka. Tukasimamia ndani ya mtaro, mguu wa baba umevunjika, mahindi yamelala kwa boneti. Yule mama alikuwa mzima. Lakini patipati zake, zile ndala za mpira, zilibaki pale pale alipokuwa amesimama, mbili, zimepangwa vizuri kama za mtu aliyeingia msikitini. Hizo patipati bado naziona.

Baba alipouliza ni nini kilitokea, nikasema gia ilitoka yenyewe. Halafu, kwa sababu siwezi kuacha jambo likiwa dogo, nikaongeza kwamba nilisikia mtu akikohoa kiti cha nyuma. Hapo ndipo mkaanza kusema ni marehemu mume wa yule mjane wa Jinja. Mkaja. Mama yangu akapaka usukani mafuta ya maombi, akapaka magurudumu yote manne na la spea. Mimi nikawekelea mkono kwa boneti, nikasema amina kuwashinda nyote.

Tangu siku hiyo kile kimya kikahamia kwangu. Niko darasani, mashine ya kukata nyasi inazimwa huko nje, nashika dawati kwa mikono miwili. Nikipita karibu na gari ikiwa imefunikwa turubai, nakohoa mimi mwenyewe ndio nisisikie mwingine akikohoa. Mnacheka. Mimi sikuwa nacheka.

Jumamosi moja baba aliita mtu wa skrapu. Akaja na mtungi wake wa gesi ya kukata vyuma. Baba akatoka na mkongojo, akavuta turubai, akaanza kuipangusa boneti na mkono wa shati, polepole, vile yule mjane alivyofanya. Akaniambia bila kugeuka, "Sitaki kitu kilichotaka kuniulia mtoto."

Nikasema. Yote, hadi kile kikohozi.

Baba akageuka. Ni kile kimya cha Sachang'wan, sasa kiko kwa uso wake. Halafu akauliza, "Kwa hivyo gia ni nzima?"

"Ni nzima, baba."

Akamgeukia mtu wa skrapu. "Boss, pole kwa usumbufu. Rudi na gesi yako."

Hakuniongelesha tena hadi Jumatatu, aliponipeleka Salgaa kuomba msamaha. Mama wa mahindi akanipima kutoka juu hadi chini. "Kumbe ni wewe ulinitoa patipati," akasema, akanipa hindi. Lilikuwa limeungua. Nikalimaliza.

Namshukuru huyo mama. Namshukuru baba, anachechemea na bado ananiita mwanangu. Nawashukuru nyinyi kwa maombi, hata kama yalikosa mlango. Na vijana wenzangu, mzaha wako ukishaumiza mtu, usiutafutie pepo wa kuubeba.

Na mama yangu? Ile Jumamosi alikuwa jikoni, alisikia kila neno. Akatoka na ile chupa ya mafuta ya maombi, akaiinua kwa mwanga akaangalia, akanishika kola.

"Yamebaki kidogo," akasema. "Leta kichwa."