Futikamba na Saa Aliyotuchagulia

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na minne ya kubeba mifuko ya gofu katika klabu hii, mwenzetu tuliyempa jina la Futikamba anastaafu, na yote anayoyajua kuhusu kazi hii nilimfundisha mimi. Nimeandika hivyo kwa sababu karatasi haina ubishi. Ukweli ni kwamba nilimkuta kazini, akanifundisha yeye, na siku yangu ya kwanza nilibeba mfuko kichwa chini miguu juu, fimbo zikawa zinadondoka nyuma yangu kama kuku anayetaga njiani.

Katibu wa klabu ameniomba ukurasa mmoja wenye furaha, wa kusomwa kwenye sherehe ya kumuaga. Nitajaribu. Furaha yenyewe imeadimika siku hizi katika kibanda chetu cha wabeba mifuko, na aliyeiadimisha ndiye huyu tunayemuaga.

Kwa wasiojua, mbeba mifuko habebi mifuko tu. Mchezaji akiitazama bendera kule mbali, humgeukia na kuuliza, "Yadi ngapi?" Jibu ndilo linaloamua achukue fimbo gani. Futikamba alikuwa akifumba jicho moja, analamba midomo kama mtu anayeonja chumvi, kisha anataja. Jina lake lilitoka hapo.

Lakini kazi yetu ilikuwa na adabu zake. Mzee mmoja wa benki aliamini kwamba fimbo yake namba saba inarusha mpira yadi mia na hamsini. Ilikuwa ikifika mia na thelathini, tena upepo ukiwa mgongoni. Kumwambia hivyo ni kumtukana. Basi bendera ikiwa yadi mia na thelathini, Futikamba alimtajia mia na hamsini. Mzee anachukua namba saba yake, mpira unatua palepale, anatikisa kichwa kwa kujistaajabia, na kila mtu anarudi nyumbani na heshima yake. Sote tulifanya hivyo. Tulikuwa tunawavika watu kilemba cha ukoka, na ukoka, mnajua wenyewe, hapa tunao mwingi.

Asubuhi moja mzee wa benki hakuja. Alikuja mkwewe, na mfuko uleule. Shimo la tisa lina kilima mbele yake, ukipiga huoni mpira unakoangukia. Yule mkwe akauliza yadi, na Futikamba, kwa mazoea ya ule mfuko, akamtajia zile za baba mkwe. Kumbe mkwe alikuwa na nguvu za mikono kweli. Mpira ulivuka kilima, ukavuka bendera, ukamkuta mkata nyasi wetu juu ya mashine yake, begani. Mfupa ukavunjika. Mpaka leo hawezi kuinua mkono ule kuchana nywele, bahati nzuri ana upara. Mtamwona safu ya mbele. Msimpe mkono wa kulia.

Hapo meneja akaamua klabu inunue vifaa vya GPS vya kupimia umbali, wachezaji wawe wanakodishiwa. Akaleta vitatu vya majaribio, akamkabidhi Futikamba achague kimoja, kwa kuwa wanachama wanamwamini. Sisi kibandani tulielewa mara moja. Kikipatikana kifaa kizuri, nani atatuhitaji?

Alizunguka navyo uwanja mzima siku baada ya siku, suruali imekunjwa mpaka magotini kwa ajili ya umande. Cha kwanza kilikuwa cha kushika mkononi kama simu, kizuri, ila kwenye jua kali kioo hakikusomeka mpaka ukiinamie kama unayesaka kiroboto. Cha pili kilibanwa kwenye kofia, nacho kilisema kwa sauti. Kilisema wakati mtu ameshainua fimbo. Kilitaja umbali wa katikati ya zile nyasi fupi zinazozunguka shimo tu, hata bendera iwe imechomekwa ukingoni, na kabla mchezo haujaisha chaji ilikuwa imekata roho. Cha tatu kilikuwa saa ya mkononi. Hiyo ilitaja umbali wa mbele, wa katikati na wa nyuma, ilionyesha kilichoko ng'ambo ya kilima, na ilikesha na chaji yake.

Sisi tulikipenda cha pili. Nilimfuata mwenyewe akiwa anafua soksi bombani.

"Kaka, chagua hicho kinachopayuka. Mwezi mmoja tu watakichoka, watarudi kwetu."

"Kitawadanganya."

"Na wewe ulikuwa unafanya nini miaka yote?"

"Ndiyo maana," akasema, akaendelea kukamua soksi.

"Wenzako wana watoto, Futikamba."

"Na mkata nyasi hana?"

Nikamjibu neno ambalo katibu hawezi kuliacha lipite hapa. Akachagua saa.

Meneja alikuwa ameahidi kwamba hakuna atakayefukuzwa. Na kweli, hakuna aliyefukuzwa. Hawakuitwa tu. Mchezaji siku hizi ana saa mkononi na mfuko wenye magurudumu, anauvuta kama msafiri aliyekosa ndege. Kibanda chetu kimejazwa magunia ya mbolea. Mwenzetu mmoja anauza vocha, mwingine analinda duka la shemeji yake, ambaye humlipa kwa mawaidha. Hata mzee wa benki alivaa saa mara moja, akausoma ukweli wake, hajarudi tena. Nasikia anafuga samaki.

Sasa mafanikio, maana ratiba ya sherehe inataka mafanikio. Tangu saa hizi zije, hakuna mtu aliyepigwa mpira ng'ambo ya kile kilima. Naliandika hilo shingo upande, lakini naliandika. Mke wa mkata nyasi alitaka niliandike kwa herufi kubwa. Hizi ndogo zinamtosha.

Klabu leo inamzawadia saa ileile aliyoichagua. Inalijua kila shimo la uwanja huu, uwanja ambao kuanzia tarehe moja haruhusiwi kuukanyaga, kwa sababu si mwanachama. Huko kwake itamwambia ni saa ngapi, basi.

Kaka, asante kwa miaka yote, na kwa kunigeuzia ule mfuko siku ile bila kucheka mbele za watu. Sijakusamehe, na usiniharakishe. Tunakuombea siku ndefu, magoti yasiyouma, na mkeo, shemeji yetu, azoee kukuona nyumbani mchana.

Ila kuna jambo, na hili nakuandikia nyuma ya nakala yako tu. Ulipoteguka mguu nilikubebea mfuko wako pamoja na wangu mpaka ukapona, ukasema fadhila hiyo utanilipa. Mimi ndiye niliyebakizwa, na kazi niliyopewa ni kuzichaji hizo saa zako kila jioni, hapo katikati ya mbolea. Moja imegoma kuwaka tangu juzi. Maandishi ya kijitabu chake cha maelekezo ni madogo kama mayai ya chawa, na meneja sitaki kumuuliza, asije akaona hata kwa hili hanihitaji. Pita siku moja asubuhi, kwa mlango wa jikoni, mpishi atakufungulia. Uniwashie.