Optatus Mbonde na Laini Nne za Angani

Baada ya miaka ishirini na sita ya kuitumikia ndege yetu ya wagonjwa, fundi mkuu wa mawasiliano, Bwana Optatus Mbonde, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Wauguzi wenzangu wamenikabidhi mimi, Fauzia, kazi ya kumwandikia maneno haya, nadhani kwa sababu ndimi niliyegombana naye kuliko wote.

Optatus ni mzaliwa wa Kipatimu na mkazi wa Rasbura. Kunong'ona hajui. Akipiga simu nyumbani akiwa karakana, walinzi wa getini wanajua mchana huo mkewe, Mama Tekla, amepika nini. Korosho za wauguzi alikuwa akizila bila kuomba, na ukimuuliza anakwambia anakagua ubora. Haya, tumemsamehe.

Kazi yake kubwa wengi hawaijui. Ndege ikishapaa kutoka Kilwa Masoko kwenda Dar es Salaam, mtandao wa simu unapotea. Tulikuwa na laini moja ya setilaiti, nzito ajabu, na kila setilaiti ilipokwenda zake kabla nyingine haijashika, mawasiliano yalikatika. Daktari yuko hospitalini hajui lolote, na wewe muuguzi umebaki na mgonjwa wako. Ukimya ule niliuogopa kuliko radi.

Optatus akaunganisha laini nne za polepole zifanye kazi moja. Vipimo vya mgonjwa, pamoja na sauti zetu, vinagawanywa vipande, kila laini inabeba chake, na kompyuta ya hospitali inaviunga tena. Tulishangilia mapema mno. Safari ya kwanza yenye mgonjwa, laini moja ilikatika na zote zikanyamaza mpaka tukatua. Mzee wa watu alifika hai, alhamdulillahi, lakini mimi nilikuwa nabahatisha njia nzima. Niliposhuka nilimwambia Optatus maneno ambayo jarida hili haliwezi kuyachapa. Uongozi nao ukaamua mitambo ing'olewe.

Siku hiyo Optatus alijifungia karakana akikagua mpango wa mitambo yake, na walinzi wa getini hawakusikia kitu, jambo ambalo halijatokea tena. Kisha akaanza kujicheka. Kwao Kipatimu, mvua ikiharibu barabara, mgonjwa hubebwa kitandani na watu wanne, na utaratibu unajulikana: mmoja akiteleza, wote wanatua, mwenzao ajipange, ndipo wanainua tena. Bila kufikiri, alikuwa ameipangia mitambo yake vivyo hivyo. Laini moja ikianguka, zote zinakata na kuanza upya pamoja. Akabadilisha mpango: iliyoanguka ijitafutie setilaiti yenyewe, zilizobaki ziendelee na mzigo. Akauomba uongozi safari moja tu.

Safari hiyo ikawa ya Esha, mjamzito mwenye kifafa cha mimba. Tukiwa angani degedege likamrudia, na dozi ya kwanza ya magnesiamu ya kulizuia nilikwishampa. Kumwongezea bila kuambiwa kungeweza kumkata pumzi, na kuacha kungeweza kumuua. Nikatazama kisanduku cha Optatus chenye taa nne, moja kwa kila laini; taa moja ikazimika. Lakini tatu zikabaki zinawaka, na sauti ya Dakta Rafaeli kutoka hospitalini ikanifikia sikioni:

“Vipimo vyako navisoma, Fauzia. Ongeza nusu dozi, polepole. Nipo nawe.”

Taa ya nne ilirudi yenyewe nikiwa bado nasukuma dawa. Esha alijifungua salama Dar es Salaam, na habari ya kung'oa mitambo haikusikika tena.

Siku hizi ndege ina intaneti ya kasi zaidi, lakini zile laini nne bado zimo, na ile ya kasi ikigoma ndizo zinazotuvusha. Optatus anamwachia karakana mwanafunzi wake Lightness, aliyemfundisha kila kitu isipokuwa kupaza sauti.

Kaka Optatus, tunakushukuru kwa moyo wote. Mungu akujalie afya, shamba la Kipatimu likupokee vizuri, na Mama Tekla azoee kelele zako kutwa nzima. Watu wakituona uwanjani huhesabu rubani, mgonjwa na nesi mmoja. Nakushukuru, kaka yangu, kwa sababu tangu safari ile ya Esha sijawahi tena kuwa peke yangu na mgonjwa angani.