Sauti ya Mwanvua kwenye Foni

Mungu amsamehe Bulaimu: alfajiri ile alisali mbiombio, mdomo msikitini, moyo dukani kwa Hamadi. Kipindupindu kilikuwa kimeingia Lokandu, serikali ikakataza mitumbwi kupanda na kushuka, na mke wake Mwanvua alikuwa kule, alikokwenda kumuuguza dada yake. Hamadi alikuwa na foni, ile redio ya kusema na kujibiwa, aliyoitumia kuulizia bei ya mchele. Tangu ugonjwa uanze aliifungulia mtaa wote bure. Dereva Kitenge akawa anafungua batri ya kamyo, lori lake, kila asubuhi na kuileta, na kule Lokandu muuguzi akawa anaita watu kwenye foni ya zahanati. Leo zamu ya Bulaimu ilifika. Akasema, akasema, mpaka batri ikafa. Sasa alikuwa amekaa kwenye benchi mbele ya duka, kahawa ya Mama Safi inampolea mkononi, na wenzake hawakumwonea huruma hata kidogo.

Kitenge, waliyemwita Antena kwa urefu wake, ndiye aliyeanza.

— Bulaimu, ndugu yangu! Batri ile imenifikisha Kibombo na mvua yote, haikuchoka. Wewe umeiua kwa mudomo!

— Nilimwambia kidogo tu.

— Kidogo? Mbuzi amezaa, bati linavuja, shati la buluu limepasuka mugongoni... Siye tulisikia yote hapa inje!

Abedi akaweka kikombe chini. Jina lake kijiweni lilikuwa Avoka, yaani wakili, maana hajawahi kukubali kwamba ameshindwa.

— Citoyen Antena, muache muntu. Jibu la Mwanvua iko njiani. Sauti inafuata maji. Kwenda Lokandu inateremuka na Lualaba, mbio. Kurudi inapanda, inapiga kasia. Njo maana inakawia.

— Uongo! Sauti inapita juu. Angalia mawingu ya leo. Sauti ya Mwanvua imenaswa mule ndani. Mvua ikipiga kule Kama, wachimba dhahabu watasikia mwanamuke anaita: "Bulaimu, mume wangu!"

— Na watamuitika!

— Wote!

— Nyamazeni, akasema Mama Safi. Muke wa muntu huyo.

Bulaimu alicheka nao, lakini sikio lake lilikuwa upande wa mto. Mwanvua akimwita hulivuta jina mwishoni, kana kwamba yuko ng'ambo, hata kama yuko jikoni tu. Bulaimu angeyatoa mawingu yote ya Maniema apate kusikia mwisho huo wa jina.

Hapo akafika Zawadi, mke wa fundi cherehani, aliyekuja kumuulizia mama yake aliyekuwa Lokandu. Akaambiwa batri imekufa. Hakugomba.

— Basi kesho. Lakini baba Bulaimu, Mwanvua ni muzima? Alisema nini?

Antena akaangalia mawingu. Avoka akatafuta kitu ndani ya kikombe kitupu. Mwishowe Hamadi akasema kutoka mlangoni, taratibu:

— Foni, ukifinya kifungo, unasema. Ukiachia, unasikia. Nilimugonga bega, nikamugonga. Hakuachia.

— Niliogopa, akasema Bulaimu. Muuguzi aliniambia tu, "Mwanvua tumemuleta." Hakusema ametembea ao amebebwa. Nikaona nikiachia, nitakuta kimya. Nikaendelea kusema.

Antena akasimama, akaenda kuibeba batri airudishe kwenye kamyo, akawaita vijana wa sokoni waje kuisukuma iwake.

Bulaimu akamgeukia Zawadi.

— Mama, kesho ukimaliza kumuulizia mama yako, uniulizie na Mwanvua. Salamu zangu ziache tu, usizitaje. Muulize tu muuguzi kama Mwanvua amekuja kwa miguu yake, halafu uachie kifungo.