Mama Apolinaria, Aliyewafundisha Madaktari Kumaliza Salamu

Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, Mama Apolinaria Mhoja anakabidhi funguo zake baada ya miaka 33 ya kazi: kumi na tisa wodini, kumi na minne hapa chuoni kwetu Tabora. Funguo zenyewe ni nyingi, na tatu kati ya hizo hakuna anayejua zinafungua nini. Hata mwenyewe hajui.

Wageni wetu, tuwape picha kidogo. Hapa madaktari na wauguzi wanasoma shahada ya uzamili ya Tiba na Utu. Yaani wanausoma ugonjwa kupitia historia, hadithi, nyimbo na maisha ya mgonjwa mwenyewe, siyo vipimo peke yake. Masomo yalipoanza mwaka 2011, walimu walikuwa na vyeti vya kutosha, ila hakuna aliyeweza kukaa na bibi wa kijijini Ziba akamwelewa mwanzo mpaka mwisho. Wakamfuata mhudumu mmoja wa hospitali aliyekuwa anaitwa kila wodi kutafsiri Kinyamwezi, Kisukuma na Kirundi. Ndiye huyu.

Cheo chake kiliandikwa msaidizi wa utafiti. Kazi yake ikawa kila kitu. Somo la wapagazi wa misafara, kwa mfano, lilikuwa la kusoma darasani tu, watu wanasinzia. Mama akasema hapana. Akajaza mchanga kwenye mifuko, kilo thelathini kila mmoja, akawatwisha wanafunzi na kuwapeleka kwenye njia ya zamani upande wa Kwihara. Daktari Rashidi, bingwa wa mifupa, alikaa chini kabla ya kilomita moja kuisha. Akasema, "Miaka nane natibu mabega, leo ndiyo nimelijua bega." Mpaka leo somo hilo halina mtoro.

Lakini jamani, mwaka huu nusura aondoke na donge moyoni.

Mwezi wa tatu Daktari Elieza alileta tasnifu yake: kwa nini akina mama wa kijiji cha Choma wanachelewa kuwaleta zahanati watoto wenye kifafa. Alihoji familia arobaini. Zote arobaini zilimjibu kwamba mtoto hajambo. Elieza akaandika kwamba wazazi wanaficha ugonjwa. Walimu wakairudisha, kwamba hilo halina ushahidi: arudie utafiti, alete upya kabla Mei haijaisha, akishindwa ndiyo basi. Hospitali yake ilikuwa inamtaka kazini Juni mosi. Miaka miwili ya kusoma ilikuwa inaelekea kupotea hivi hivi.

Mama akachukua rekodi zote, akazisikiliza siku tatu. Kwenye rekodi namba saba pikipiki inasikika inaunguruma nje, haijazimwa hata. Akamwita Elieza.

"Mwanangu, hawa hawajaficha kitu. Wewe ndiye hujamaliza salamu."

Kule ukifika, unaulizwa nawe unauliza: mwangaluka, yaani umeamkaje, kisha ng'ombe, mashamba, majirani. Ukiuliza hali ya mtu katikati ya hayo, jibu ni hajambo, hata kama amelala mkekani hajiwezi. Ndiyo adabu. Habari za ugonjwa zinakuja baadaye, zikikuta umekaa. Elieza, mtoto wa mjini, alikuwa anauliza ugonjwa dakika ya kwanza, anaandika jibu la salamu, anapanda pikipiki.

Mama alikuwa na likizo yake ya mwisho, na mguu wake wa kushoto unavimba akisafiri. Akaenda naye Choma hivyo hivyo.

Siku ya kwanza hawakuuliza swali hata moja. Walikaa kwa mama mmoja anaitwa Kabula wakimsaidia kubangua karanga. Elieza kila saa anaangalia simu.

"Mama, tutauliza saa ngapi?"

"Tunauliza tangu asubuhi. Bangua."

Siku ya pili, Kabula akaanza mwenyewe, kama mtu anayeendeleza maongezi ya jana. Mwanae Aleksi, miaka sita, anaanguka kifafa, na mwaka juzi aliangukia jikoni akaungua mkono. Tangu hapo Kabula hawashi moto wala hatoki bila jirani yake Jeska kuwepo, maana kumbeba Aleksi barabarani kunahitaji watu wawili. Jeska anarudi kutoka shamba saa saba. Kliniki ya kifafa, ya kila Alhamisi, inafungwa saa sita.

Basi. Hayo tu! Kati ya zile arobaini, familia ishirini na sita nyingine zikasema karibu yale yale, kila moja kwa namna yake, baada ya karanga zake.

Elieza aliwasilisha tarehe 29 Mei, na Juni 12 akaitetea tasnifu na kupita. Wahudumu wa zahanati waliisoma, wakahamishia kliniki hiyo saa tisa alasiri. Alhamisi ya kwanza walikuja watoto kumi na mmoja. Zamani walikuwa wawili, wakizidi watatu. Kabula na Jeska walifika wa kwanza, wakimbeba Aleksi kwa zamu.

Elieza akapiga simu ofisini kwa furaha, tukaweka sauti kubwa wote tusikie. Tulisubiri Mama apige vigelegele. Akauliza, "Kumi na mmoja? Tulihesabu ishirini na saba. Hao wengine wako wapi?"

Elieza akafungua orodha yake, akaanza kuwahesabu.

Kwa hiyo msimtafute nyumbani kwake Isikizya Jumanne, siku yake ya kwanza ya kustaafu. Ameshapanga pikipiki ya kwenda Choma kuwafuata kumi na sita waliobaki, na Elieza ameomba ruhusa kazini amsindikize. Mama Apolinaria, asante kwa yote. Mungu akupe afya, mguu upone, na kila mlango utakaobisha hodi ukukaribishe ukae.