Chuma, Mpakiaji wa Saruji Aliyerudi Kazini kwa Sababu ya Radi

Ndugu na majirani mliokuja kumsindikiza kaka yetu, asanteni. Mimi ni dada yake anayemfuata. Nimeombwa nieleze maisha yake kwa ufupi, nami nitajitahidi, ingawa nina hasira.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Juni 1979 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa kwanza wa fundi mitambo na mshona nguo. Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya karakana, akaishia kidato cha pili baba alipofariki. Alituambia wadogo zake, "Someni nyinyi, mimi mgongo ninao."

Mwaka 1997 aliajiriwa ghalani kupakia saruji, na wenzake wakampa jina la Chuma. Alifunga ndoa tarehe 12 Agosti 2006. Kila Jumamosi alikaa na mkewe na binti zao kutazama mieleka kwenye televisheni, na ole wake apitaye mbele ya kioo. Kipenzi chake alikuwa mwanamieleka aliyeitwa Radi. Tukimtania kwamba yale ni maigizo tu, alijibu, "Sawa, maigizo. Lakini anayeangushwa anaangukia mgongo wake mwenyewe."

Mwaka 2022 daktari alimwambia moyo wake umepanuka, asibebe tena kitu kizito. Msimu huohuo Radi alivunjwa goti na hasimu wake, akatoweka ulingoni. Kaka akaona wamepatwa na jambo moja. Alikuwa akikaa kwenye kochi na kusema, "Radi akirudi, na mimi narudi." Tulicheka, tukidhani anajiliwaza.

Februari mwaka huu Radi alirudi. Muziki wake ulipopigwa, kaka alisimama akalia. Jumatatu akavaa viatu vya kazi. Mkewe akamzuia mlangoni: "Yule kuna watu wamempangia arudi. Wewe nani kakupangia?" Kaka akampita taratibu. Sikio la kufa halisikii dawa. Sikutegemea hata siku moja kuisema methali hii juu ya ndugu yangu. Alibeba mifuko hadi mchana, akaanguka palepale ghalani.

Kaka alipokuwa amelazwa hospitalini, Radi aliungana na hasimu yuleyule, akampiga rafiki yake wa ulingoni kwa kiti. Wagonjwa wenzake kaka wakamwita Radi msaliti. Kaka aliwabishia huku akihema: "Anawatega. Ameingia kwao ili awamalize. Subirini pambano la Jumamosi, mtaona." Alifariki Ijumaa, tarehe 21 Machi 2025. Pambano lilikuwa kesho yake.

Juzi, nyumba ikiwa imejaa waombolezaji, binti yake mkubwa aliniomba ruhusa awashe televisheni, sauti chini. Nilimkubalia. Hakukuwa na mtego wowote. Radi alimpiga tena rafiki yake, akainuliwa mkono pamoja na hasimu. Mtoto akazima, akaniuliza, "Shangazi, kwa hiyo baba alikosea?"

Namjibu leo, mbele yenu. Ndiyo mwanangu, alikosea. Radi alirudi na goti lililopona; baba yako alirudi na moyo uleule mgonjwa. Alimpenda Radi, akamwamini, na mimi hilo linaniuma kuliko kifo chenyewe.

Marehemu ameacha mama, mjane, mabinti wawili na sisi wadogo zake watatu. Mungu ampe yale mapumziko ambayo sisi tulishindwa kumlazimisha ayachukue.