Taraivini Lewatu na Gari Lililotaka Kupumua

Leo ni Alhamisi. Ni saa tatu asubuhi hapa Savusavu, mji wetu mdogo wa kisiwani. Mvua ya siku mbili imekatika alfajiri, jua limetoka kwa nguvu, na mvuke wa chemchemi za moto umepanda hadi usawa wa mapaa ya soko.

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Jana tulimzika Taraivini Lewatu. Taraivini Lewatu, dereva wa teksi. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuegesha teksi katika kituo cha soko letu. Tena alikuwa mtu wa kwanza kuleta gari la haibridi, la petroli na umeme pamoja, katika kituo hicho. Familia yake imeniomba jambo moja: nisisome kumbukumbu hii kwa sauti ya kinyonge. Nami sitaki kuwakosea.

Taraivini alizaliwa upande wa ghuba ya Natewa. Alijifunza kusuka mikeka kabla ya kujifunza kuandika. Aliolewa na dereva wa lori la mbata, na ni katika lori hilo alijifunza kuendesha. Lori lile lilikuwa na kelele. Lilinguruma, lilikohoa, lilipiga mluzi. Taraivini alijua hali yake kwa kusikiliza tu. Mumewe alipofariki, lori liliuzwa, na mahali pake likaja gari dogo la haibridi, lililotumika, kutoka Japani. Gari hilo ndilo lililompa riziki mjini. Ndilo lililomweka binti yake Makereta shuleni. Lilikuwa gari moja tu. Hakuwa na jingine.

Siku ya kwanza, Taraivini aliketi kwenye usukani mbele ya nyumba ya kanisa, akina mama wote wakitazama. Akakanyaga breki. Akabonyeza kitufe cha kuwashia. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Makereta anakumbuka hivi:

"Mama alikuwa analiwasha, halafu analizima, halafu analiwasha. Hakujua. Alikuwa anangoja lingurume kama lori la baba. Halafu sauti ya mwanamke ikatoka kwenye redio ya gari, inaongea Kijapani. Bibi Salaseini akainama dirishani akaijibu, 'Na wewe pia, mama, karibu Savusavu.'"

Bibi Salaseini ni kiongozi wa akina mama wa kanisa. Mnamfahamu. Hana mchezo.

Aliyemtoa Taraivini gizani alikuwa Hirday Narayan, mwenye kituo cha mafuta karibu na gati. Sote humwita Bhai Hirday, yaani kaka. Alimweleza mambo kwa utaratibu, naye Taraivini aliyashika. Usisubiri mngurumo, subiri taa ya kijani inayosema gari liko tayari. Injini itajiwasha yenyewe ikihitajika. Gari lina betri mbili: ndogo huamsha mitambo, kubwa huendesha mota ya umeme. Nyaya za rangi ya machungwa usiziguse hata kidogo. Na betri kubwa hupata joto, kwa hiyo ina feni yake, na feni hiyo huvuta hewa kutoka ndani ya gari, kupitia tundu lenye wavu pembeni mwa kiti cha nyuma.

Wasikilizaji wapendwa, likumbukeni tundu hilo. Pembeni mwa kiti cha nyuma.

Sasa aingie Apakuki Rokovada. Apakuki ni dereva wa teksi pia, mwenye gari kubwa la petroli. Kijiji chake na kijiji cha Taraivini ni watani tangu enzi za mababu. Mnajua watani walivyo. Wanaweza kunyang'anyana chakula mdomoni na hakuna wa kukasirika. Asubuhi ya kwanza Taraivini alipoegesha kituoni, Apakuki alizunguka gari lile mara kadhaa, mikono mgongoni, kama mnunuzi wa ng'ombe.

"Mtani," akasema, "hii tochi yako inatumia mawe mangapi?"

"Inatosha kumulika uso wako," Taraivini akajibu, "ila sioni faida."

"Na mlimani utafanyaje? Utashuka uisukume?"

"Nitakusubiri ng'ambo ya mlima, Labasa, mtani. Nitakununulia chai, maana utafika umechoka."

Kituo kizima kilicheka. Lakini jioni, mbele ya bakuli la kava, kile kinywaji chetu cha mizizi, mzaha ule uligeuka mashindano. Masharti yalikuwa haya. Magari mawili yaende Labasa na kurudi siku moja, kwa barabara ya milimani, kila moja na abiria watatu na magunia ya magimbi. Gari litakalovutwa kwa kamba limeshindwa. Yote yakirudi salama, litakalokuwa limekunywa mafuta mengi limeshindwa. Apakuki akishindwa, atavaa gauni la Taraivini na kuliosha gari lake kila Jumamosi. Taraivini akishindwa, atauza gari na kuondoka kituoni.

Makereta alimvuta mama yake kando. "Mama, umekunywa kava nyingi?"

"Sijamaliza hata bakuli moja."

"Na shule yangu je?"

"Ndiyo maana sitashindwa," Taraivini alisema. "Kalale."

Habari zilienea. Akina mama wa kanisa waliona heshima yao yote iko ndani ya gari lile. Wakafanya kile ambacho watu wetu hufanya kwa kitu cha heshima. Walishona vifuniko vya viti vyenye maua mekundu. Wakatandika mikeka miwili mipya, yenye nyuzi za rangi ukingoni, kuanzia mgongo wa kiti cha nyuma hadi sakafuni. Gari lilipendeza kama chumba cha bibi harusi. Nilikuwepo asubuhi ile kwenye kituo cha Bhai Hirday, na kinasa sauti mkononi, matangi mawili yalipojazwa mpaka juu. Bibi Salaseini na wenzake wawili waliingia nyuma wamevaa nguo za Jumapili. Bhai Hirday alipunga kitambaa, na mji ukapiga kelele!

Walikwenda vizuri hadi njia panda. Walianza kupanda kuelekea msitu wa Waisali. Madirisha yalikuwa wazi, kwa sababu akina mama walitaka kila kijiji kiwasikie. Waliimba kwa sauti zote. Apakuki alikuwa nyuma yao, akipiga honi. Kisha, karibu na kilele, gari likaanza kukosa nguvu. Taa ya onyo ikawaka mbele ya Taraivini: pembetatu nyekundu.

Alisimama kando ya barabara. Hapo hapo Apakuki akawapita, kichwa nje ya dirisha.

"Mtani! Nikuletee kamba?"

Akatokomea kwenye kona.

Taraivini alifunga macho. Alitaka kusikiliza, kama alivyokuwa akisikiliza lori la mumewe. Lakini nyuma yake wimbo ulikuwa umefika kwenye kiitikio.

"Akina mama," alisema, "nyamazeni kidogo. Nasikiliza gari."

Wimbo ulikatika. Bibi Salaseini alivuta pumzi ndefu. "Taraivini. Unakatisha wimbo wa Bwana kwa sababu ya gari?"

"Bibi, naomba nafasi ndogo tu. Bwana atatungoja. Apakuki hatungoji."

Wakanyamaza. Ndipo alipoisikia. Nyuma, chini ya mapaja ya Bibi Salaseini, feni ilikuwa inalia kwa bidii, kama mtu aliyefunikwa blanketi usoni. Taraivini alielewa mara moja. Tundu la hewa lilikuwa pembeni mwa kiti cha nyuma. Juu yake palikuwa na kifuniko chenye maua. Juu ya kifuniko palikuwa na mikeka miwili. Betri kubwa ilikuwa inapanda mlima bila kupumua.

Fikirini hali yake, wasikilizaji wapendwa. Mkeka uliotandikwa kwa heshima hauvutwi hivi hivi. Aliyeutandika ni mkubwa wake, na ameukalia. Lakini gari likizimika pale, limeuzwa. Taraivini alishuka, akafungua mlango wa nyuma, akapiga magoti kwenye kokoto. Akapiga makofi ya heshima kwa viganja vilivyokunjwa, kama mbele ya mkubwa.

"Bibi, mmenipa heshima kubwa kuliko gari hili. Naomba ruhusa niiondoe mikeka yenu. Gari halipumui."

 Bibi Salaseini akashuka mwenyewe, akakunja mikeka kwa mikono yake, akachana ushonaji wa kifuniko kwa meno.

"Ungesema mapema," alisema. "Mimi nilidhani tundu hili ni pambo tu, kumbe ni pua!"

Taraivini alifungua milango yote ili upepo upite. Wakangoja. Alizima gari, akaliwasha upya, na ile pembetatu haikurudi. Kisha akafunga madirisha na kuwasha kiyoyozi, maana feni huvuta hewa ya ndani, na hewa ya ndani ikiwa baridi, betri hupoa. Akina mama walitetemeka. Bibi Salaseini alijifunika mkeka mabegani kama shali. Hakuna aliyelalamika. Wala hakuna aliyeimba.

Kutoka Waisali barabara huteremka hadi mashamba ya miwa ya Seaqaqa. Hapo gari lile lilikuwa nyumbani. Taraivini aliweka gia ya mteremko, akaigusa breki taratibu, na kila mteremko ukarudisha umeme kwenye betri. Kwenye kioo kidogo cha dashibodi mistari ya chaji ilipanda, mmoja baada ya mwingine, na akina mama wakaishangilia kama mabao ya raga. Apakuki naye alikuwa akikanyaga breki kwa nguvu mpaka zikanuka. Walifika Labasa wakifuatana. Taraivini alimnunulia chai, kama alivyoahidi.

Wakati wa kurudi, Apakuki alitaka kumaliza ubishi mlimani. Alikanyaga mafuta. Karibu na kilele, pale pale, rejeta yake ilichemka na moshi mweupe ukafunika barabara. Gari dogo likaja kimya kimya. Kioo kikashuka.

"Mtani," Taraivini alisema, "nikuletee kamba?"

"Niletee maji, bwana! Acha maneno!"

Sasa angeweza kuondoka. Alishuka. Walingoja pamoja mpaka rejeta ikapoa, akampa maji yote ya kunywa ya akina mama, na magari mawili yakaingia Savusavu pamoja jioni. Bhai Hirday alijaza matangi tena mbele ya umati. Gari la Apakuki lilikunywa, likakunywa, likakunywa. La Taraivini lililamba tu. Jumamosi iliyofuata Apakuki alikuja kituoni amevaa gauni la zambarau, ndoo mkononi, na mji wote ulikuwa umeshafika kumngoja.

Wasikilizaji wapendwa, Apakuki aliliosha gari lile kila Jumamosi tangu siku hiyo. Taraivini alimsamehe gauni, lakini hakumsamehe ndoo. Na kwa kuliosha, alijifunza. Alitoa chujio la feni na kulisafisha vumbi la kava na nyuzi za mikeka. Aliangalia maji ya kupozea na mafuta ya injini. Baadaye yeye mwenyewe alinunua haibridi. Leo karibu kituo kizima ni haibridi, na kila dereva mpya alipita mikononi mwa Taraivini. Swali lake la kwanza lilikuwa hilo hilo: "Pua iko wapi?"

Aliugua tangu mwezi wa pili. Gari likakaa chini ya paa, likioshwa tu bila kuwashwa. Jana asubuhi familia ilitaka litangulie mbele ya lori lililobeba jeneza, likiwa na mikeka ya kutandika kaburini. Makereta alikanyaga breki, akabonyeza kitufe. Hakuna taa. Hakuna chochote. Mtu mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Limekufa naye."

Ndipo umati ukagawanyika, akaja Apakuki. Alikuwa amevaa lile gauni la zambarau, maana mtani haji mazishini kwa adabu.

"Nani kasema limekufa? Betri ndogo imelala tu, imechoka kuwasikiliza mnavyolia. Bhai Hirday, lete nyaya!"

Waliunganisha nyaya kutoka gari la Bhai Hirday. Makereta alikanyaga breki na kubonyeza. Kimya. Watu wakaguna. Makereta akacheka huku machozi yakimtoka, akaonyesha taa ya kijani. "Limewaka," alisema. "Ndivyo linavyowaka."

Akina mama walipakia mikeka, mingi, hadi kwenye dari. Apakuki aliingiza mkono pembeni mwa kiti cha nyuma, akasogeza ukingo wa mkeka wa mwisho, akaacha nafasi. Wimbo ulikuwa umeanza. Bibi Salaseini akainua mkono wake wa kizee.

"Nyamazeni kidogo," alisema. "Tusikilize gari."

Tukasikiliza. Feni ilikuwa inavuma polepole. Ndipo Bibi akashusha mkono, na wimbo ukaendelea.

Kwa Makereta, kwa ukoo wa Lewatu, kwa akina mama wa kanisa na kwa watani wote wa marehemu: poleni sana. Kituo hiki cha redio kinaomboleza pamoja nanyi. Na kwetu tuliobaki, tujiulize leo ni kitu gani tunachokipenda ambacho tumekitandikia heshima nyingi mpaka kinashindwa kupumua.

Baada ya mazishi, Makereta aliliegesha gari mahali pa mama yake kituoni. Bhai Hirday alikunja nyaya na kurudi kwenye pampu. Bibi Salaseini alikwenda nyumbani na kuanza mkeka mpya, mfupi kuliko ile mingine. Apakuki alivua gauni, akalikunja, akaliweka kwenye kiti cha mbele cha gari lile, kisha akaenda kutafuta ndoo.